Barua ya wazi: Kabla ya kununua miwani ya upasuaji, tujue kwanza mirija yetu inaishia wapi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, wakurugenzi wa hospitali za rufaa na wakuu wa vyuo vinavyofundisha mabingwa wa upasuaji wa ubongo.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Tanzania. Wengi ninaowahudumia wameumia kichwa kwenye ajali za bodaboda, wamevuja damu ndani ya ubongo kwa sababu ya presha, au wana uvimbe uliokaa vibaya ukaziba njia ya maji ya ubongo. Nawaandikia kuhusu mrija mwembamba, laini, unaoingizwa kwenye ubongo ili kutoa maji yaliyozidi. Wodini tunauita EVD.

Kwa miaka kadhaa sasa madaktari wa Uchina, Ulaya na Marekani wamekuwa wakijaribu kuuweka mrija huo kwa msaada wa uhalisia ulioongezwa. Daktari anavaa miwani ya kompyuta, na kupitia kioo chake anaona vyumba vya maji vya mgonjwa huyohuyo, yaani mashimo ya ndani ya ubongo yanayobeba maji hayo, vikiwa vimechorwa mahali vilipo, ndani ya kichwa kilicholala mbele yake. Ni jambo kubwa, na siku si nyingi wauzaji watakuja ofisini kwenu na vipeperushi. Kabla hawajafika, naomba mumsikilize mtu anayekishika kichwa cha mgonjwa wakati mrija unaingia.

Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban mililita 500 za maji ya ubongo kwa siku, ilhali nafasi yote ya kichwani na kwenye uti wa mgongo hubeba mililita 150 hivi tu kwa wakati mmoja. Maana yake maji hayo hutengenezwa na kufyonzwa upya zaidi ya mara tatu kila siku. Njia yake ikiziba kwa damu iliyoganda, kwa uvimbe, au kwa homa ya uti wa mgongo inayotokana na kifua kikuu, hayana pa kwenda. Fuvu halitanuki. Mgonjwa aliyekuwa akikujibu saa mbili usiku, saa nne hafumbui macho. Kinachomrudisha ni mrija huo, na haungoji asubuhi. Ndiyo maana katika hospitali nyingi duniani huwekwa hapohapo kitandani, chumba cha mahututi, bila kumhamisha mgonjwa. Kwetu pia nimeshuhudia ukiwekwa hivyo, hasa chumba cha upasuaji kinapokuwa kimejaa.

Nieleze namna inavyofanyika, maana wengi mnaoamua mambo haya ni watu wa sera na fedha na huenda hamjawahi kuliona kwa macho. Nywele zinanyolewa, mara nyingi upande wa kulia. Daktari anachukua rula na kalamu ya alama, anapima kutoka pale pua inapoanzia katikati ya macho, sentimita 11 hivi kurudi nyuma, kisha sentimita 3 hivi kwenda pembeni. Hapo anaweka nukta. Inaitwa nukta ya Kocher, kwa jina la Theodor Kocher, daktari wa Uswisi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Anasafisha kwa dawa, anafunika kwa shuka safi, anadunga ganzi, anapasua ngozi kidogo, anatoboa fuvu kwa drili ya mkono, kisha anatoboa utando mgumu ulio chini yake. Kuanzia hapo haoni kitu. Anaushika mrija ukiwa na waya wa chuma ndani yake, anaulenga kwenye kona ya ndani ya jicho la upande huo na, akitazama kwa ubavuni, mbele kidogo ya tundu la sikio, halafu anausukuma polepole, sentimita 5 hadi 6.

Mimi wakati huo nimekishika kichwa kisigeuke. Kikigeuka hata kidogo, jicho na sikio anavyovitegemea kulenga vimeshahama chini ya shuka na yeye hajui. Akifika penyewe, anahisi mrija umepenya, anachomoa waya, na maji yanaanza kudondoka. Yasipodondoka, anautoa na kuanza upya. Kila kurudia ni njia nyingine inayochimbwa ndani ya ubongo wa mtu.

Njia hii ya kulenga kwa mkono imeokoa watu wengi mno na itaendelea kuwaokoa. Lakini inategemea ubongo uwe umekaa mahali pake. Mtu aliyevuja damu upande mmoja, ubongo wake umesukumwa, na vyumba vya maji vimehama au vimebanwa hadi vikawa vyembamba kama ufa. Rula haijui hilo.

Huko ambako wamepima, wamekuta nini? Mwaka 2008 madaktari wa Phoenix, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 346 waliowekewa mrija huu kitandani. Asilimia 77 ncha ilikuwa imekaa vizuri kabisa. Asilimia 10 ilikuwa imekosea shabaha lakini inafanya kazi bila kugusa sehemu nyeti. Asilimia 13 ilikuwa mahali pasipofaa. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulipitia picha za mirija 98 iliyowekwa kwa mkono: kwa wastani ilibidi kupitisha mara 2 ndipo ikakaa, na zaidi ya ncha moja kati ya kila tano ilikutwa nje ya vyumba vya maji. Hao ni madaktari wenye mashine zote na wasimamizi karibu. Hawakuwa wazembe. Hicho ndicho kiwango cha mkono wa binadamu unaolenga asichokiona.

Sasa naomba niulize jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Ncha za kwetu zinazokosea ni ngapi?

Katika wodi nilizofanya kazi, picha ya CT scan baada ya kuweka mrija hupigwa pale tu mrija unapogoma kutoa maji au mgonjwa anapozorota, kwa sababu picha ya pili ni gharama nyingine kwa ndugu ambao tayari wamechangishana kulipia ya kwanza. Mrija ukitoa maji, tunamshukuru Mungu tunaendelea. Ncha iko wapi, hatuandiki. Daktari alipitisha mara ngapi, wakati mwingine linaandikwa, mara nyingi haliandikwi. Mgonjwa akiamka na mkono mmoja hauna nguvu, hatuwezi kusema kama ni ajali au ni njia ya mrija. Na daktari kijana aliyeuweka hapati kujua kama mkono wake unaelekea kulia kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo kesho ataelekea kulia tena.

Ndiyo maana nasema: miwani ije, naitaka, nitaeleza kwa nini. Lakini ikija kabla hatujaanza kupima, hatutajua kamwe kama imesaidia.

Niseme inavyofanya kazi. Picha za CT scan za mgonjwa huingizwa kwenye programu inayotenganisha ngozi, fuvu na vyumba vya maji na kuunda umbo la pande tatu. Umbo hilo hupelekwa kwenye miwani. Kisha inakuja hatua ngumu kuliko zote: kulioanisha umbo hilo na kichwa chenyewe, ili pua ya kwenye picha ikae juu ya pua ya mgonjwa na sikio juu ya sikio. Wengine hubandika alama kichwani kabla ya kupiga picha, wengine huacha kamera za miwani zisome sura ya uso. Vikishaoana, daktari anaona mstari kutoka kwenye nukta ya kutobolea hadi chumba cha maji, na anaufuata. Oanisho likikosea kwa milimita chache, mstari nao unakosea, tena kwa sura ya kujiamini. Hilo mlikumbuke muuzaji atakapoonyesha video yake.

Mwaka 2018 madaktari wa Uchina walichapisha matokeo ya wagonjwa 15 waliowekewa mrija kitandani kwa msaada wa miwani ya HoloLens, wakilinganishwa na waliowekewa kwa mkono mtupu. Kwa mkono, ncha ilikuwa mbali na shabaha kwa wastani wa milimita 11 na kidogo. Kwa miwani, milimita 4 na kidogo. Idadi ya kupitisha mrija ilishuka kutoka wastani wa 2.33 hadi 1.07, yaani karibu kila mgonjwa alipitishiwa mara moja tu. Nilipozisoma namba hizo niliwafikiria watu ninaowafahamu kwa sura.

Lakini someni na namba ya tatu: maandalizi ya miwani yaliongeza takriban dakika 40.

Dakika 40 kwa mgonjwa ambaye mboni ya jicho moja imeanza kupanuka ni muda ambao hatuna. Kwa huyo, mkono wa daktari na rula ndiyo njia, na asije mtu kuandika mwongozo unaomlazimisha kungoja kompyuta imalize kuchora. Ila si kila mgonjwa yuko hivyo. Wapo ambao hali yao inaruhusu saa moja, hasa wale ambao vyumba vyao vya maji vimehama au vimekuwa vyembamba, na kwa hao ndiko mkono unakokosea zaidi. Hapo ndipo ningependa kuona miwani ikijaribiwa. Tangu mwaka huo programu zimeendelea kuboreshwa na maandalizi yanazidi kupungua, lakini muda utakaohesabiwa kwetu uwe ule uliopimwa kwetu, umeme wetu ukiwa ule tulio nao na picha zikisafiri kwa mtandao tulio nao.

Kwa watoto wenye vichwa vikubwa, sidhani kama tunaihitaji sana. Vyumba vyao vya maji ni vipana, shabaha ni kubwa, na shida yao ni kufika hospitali mapema na kupata shanti, yaani mrija wa kudumu wa kuondoa maji kichwani, au upasuaji wa kufungua njia ya maji. Hapo jirani zetu wametuonyesha mfano: katika hospitali ya CURE iliyopo Mbale, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2001, Dkt. Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa kutumia kamera ndogo unaowawezesha watoto wengi kuishi bila shanti, kwa sababu aliona shanti ikiziba kijijini mama hana pa kukimbilia. Hakuanza na kifaa kilichokuwa kwenye mtindo. Alianza na swali la nini kinawaua wagonjwa wake baada ya kurudi nyumbani, akaandika matokeo ya kila mtoto. Naomba fungu la miwani lisichukuliwe kutoka kwa watoto hao.

Sasa nani aivae? Nahisi wazo la kwanza litakuwa kuwapa mabingwa wakubwa, kwenye hospitali kubwa, siku ya uzinduzi, mbele ya kamera. Mimi nawaomba msianze hapo. Bingwa mwenye uzoefu mkono wake umeshajua. Mirija mingi ya usiku nimeiona ikiwekwa na madaktari walio masomoni, na wao ndio watakaopangiwa kesho kwenye hospitali za kanda ambako watakuwa peke yao. Huko Brussels, Ubelgiji, watafiti waliwajaribu wanafunzi wa udaktari ambao hawakuwa na uzoefu wa kazi hii, kwenye vichwa vya bandia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa wakiwa na miwani walifika karibu zaidi na shabaha. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote. Kichwa cha bandia hakiumii. Kinaweza kutobolewa mara nyingi, na miwani ikamwonyesha kijana pale pale alipokosea, jambo ambalo leo hakuna anayemwonyesha.

Nchi hii inajua nguvu ya kufundisha. Mwaka 2006, katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, daktari kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alimfundisha Emmanuel Mayegga, aliyekuwa daktari msaidizi, kufanya upasuaji wa ubongo. Ellegala aliondoka, ujuzi ukabaki. Miwani ikiwekwa kwenye chumba cha mafunzo, itaacha ujuzi mikononi mwa watu hata siku itakapoharibika.

Na itaharibika, Waheshimiwa. Hapa naomba niwe mkali kidogo. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya orodha za vifaa tiba kutoka nchi 16 zinazoendelea na kukuta asilimia 38 ya vifaa havifanyi kazi. Nani kati yetu hajaona mashine iliyofunikwa shuka kwenye kona ya wodi ikingoja kipuri? HoloLens 2, toleo la pili la miwani niliyoitaja, ambayo tafiti nyingi zimeitumia, Microsoft ilitangaza mwaka 2024 kwamba imesitisha utengenezaji wake, na masasisho ya usalama yatakoma mwishoni mwa mwaka 2027. Hospitali itakayofunga mkataba unaotegemea miwani ya aina moja tu inanunua kifaa ambacho tarehe ya kufa kwake imeshatangazwa. Kwa hiyo mkataba wowote uulize: programu inafanya kazi kwenye miwani ya kampuni zaidi ya moja? Leseni ni ya kulipia kila mwaka, na ikikatika bajeti inazima? Fundi wa vifaa tiba wa hospitali yetu amefundishwa, au tutangoja mtu apande ndege? Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ihusishwe tangu mwanzo, wala isije kuitwa kugonga muhuri mzigo ukiwa bandarini.

Kuna na suala la sura za watu. Ili miwani ioanishe picha na kichwa, inarekodi uso wa mgonjwa, na CT scan yenyewe inaweza kuunda upya uso huo. Mgonjwa wetu amezimia, hawezi kutoa ridhaa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iandikwe kwenye mkataba kwamba picha hizo zinabaki hospitalini, na kampuni haiondoki nazo kwenda kufundishia programu yake.

Jambo jingine halitaki miwani wala fedha nyingi, nalo ni namna picha zinavyopigwa. Programu hizi zinahitaji picha za vipande vyembamba, milimita 1 hivi. Picha nyingi ninazoona zikija na mgonjwa wa rufaa ni filamu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa rambo, au picha ya simu iliyopigwa kwenye kioo cha kompyuta na kutumwa WhatsApp. Kwa picha hiyo hakuna kompyuta itakayochora chochote. Serikali imetumia fedha nyingi kusambaza CT scan hadi hospitali za rufaa za mikoa, zikiwemo za ule mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, na tunashukuru kwa dhati. Waraka mmoja wa Mganga Mkuu unatosha kuelekeza kwamba kila CT scan ya kichwa cha majeruhi ihifadhiwe kwa vipande vyembamba na isafiri na mgonjwa kwenye diski au kwa mtandao salama. Hilo litamsaidia daktari hata kama miwani haitakuja kamwe.

Mwisho nizungumzie sehemu yangu. Mrija ukishakaa, ni wa muuguzi. Nasawazisha sifuri ya kipimo na tundu la sikio la mgonjwa, nainua au kushusha chupa kama daktari alivyoagiza, na kila ninapomgeuza mgonjwa naufunga kwanza, maana nikisahau anaweza kumwaga maji mengi kwa dakika chache na ubongo ukaanguka. Kila saa naandika mililita na rangi. Ncha ikiwa imekaa vibaya, mimi ndiye ninayeiona kwanza: saa nane usiku matone yanasimama, nachungulia kama kuna mkunjo, nashusha chupa kidogo, hakuna kitu, nampigia daktari simu. Ndugu waliolala kwenye mabenchi ya nje wakiniona natoka wanauliza, "Sista, maji yanatoka?" Na mrija uliokaa mahali pake sawasawa ukifunguliwa kwa mikono isiyo safi unaleta maambukizi ndani ya ubongo yanayoua vilevile. Kwa hiyo kamati yoyote mtakayounda iwe na muuguzi ndani yake, na bajeti ya majaribio iwe na glavu safi, dawa ya kusafishia ngozi na mifuko ya kukingia maji, vitu ambavyo havitokei kwenye kipeperushi chochote.

Ombi langu basi ni hili. Kuanzia sasa, kila EVD inayowekwa kwenye hospitali zetu ifuatwe na CT scan ndani ya siku mbili bila familia kulipia, na ijazwe fomu ya ukurasa mmoja: tarehe, sababu ya kuuweka, umepitishwa mara ngapi, aliyeuweka ana cheo gani, ncha ipo wapi kwenye picha, umekaa siku ngapi, na kama umeleta maambukizi. Baada ya mwaka tutakuwa na namba zetu. Wakati huohuo miwani mbili au tatu ziletwe kwenye chumba cha mafunzo cha chuo kimoja, zitumike kwenye vichwa vya bandia. Vijana wakishaizoea, na kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ikishapitisha, ijaribiwe kwa wagonjwa wasio na dharura ya dakika, kwa kulinganishwa na mkono, na kanuni ya kusimamisha jaribio iandikwe kabla ya mgonjwa wa kwanza. Matokeo yatangazwe yakiwa mazuri au mabaya. Ikionekana haiuzidi mkono wa daktari wetu aliyefundishwa vizuri, irudishwe, na fedha iliyobaki iende kwenye picha za CT scan za wasio na uwezo.

Fomu hiyo nimeshaichora. Nikiruhusiwa, naweza kuanza kuijaza wodini kwetu wiki ijayo.

Wenu katika huduma,

Muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi